Buti Moja la Mzee Leodegar

Kila asubuhi pale kijijini Kivukoni, Merina alitandika kitanda huku mumewe, Leodegar, akilalamika. Hata shuka likigusa mguu wake wa kulia, alipiga kelele. Alijikata mguu huo kwa panga alipokuwa kibarua wa kukata miwa. Kidonda kilipona, sasa ni mwaka wa pili. Maumivu hayakuondoka.

Waliuchanja mguu kwa wembe. Walikanda kwa maji ya moto. Kelele zikazidi. Harusi ya binti yao Odilia ilikuwa imebaki miezi miwili tu. Baba wa bibi harusi asicheze ngoma ya sangula? Leodegar alilia machozi kabisa.

"Twende hospitali Ifakara," alisema Merina. "Wana mashine ya umeme ya kutuliza maumivu."

"Umeme?" Leodegar alishtuka. Kule kwenye miwa aliwaona mafundi umeme. Wote walivaa mabuti ya mpira.

Basi Merina alimpakia kwenye baiskeli, naye Leodegar amevaa buti moja la mpira, mguu wa kushoto. Mguu wa kulia haukuvumilia hata kandambili.

Hospitalini walimkuta Sada, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo mzee. Mbona buti moja?"

"Marahaba mwanangu. Mguu huu ndio nitakaokanyagia chini. Huo mbovu nitauinua juu, umeme usinipate."

Sada alicheka mpaka akakaa. Kisha akaugusa mguu mbovu kwa pamba.

"Unaniunguza!"

"Ni pamba tu, mzee. Panga lilijeruhi mshipa wa fahamu. Huo ndio unaopeleka habari kwenye ubongo. Wako unapeleka habari za uongo. Pamba unaiita moto! Na kuchanja kunaongeza vidonda tu."

Akatoa kiboksi kidogo. "Kinatumia betri, kama redio yako. Kinasisimua mishipa taratibu, maumivu yanapungua. Si kila mtu kinamfaa. Mjamzito au aliyewekewa mashine ya moyo lazima aseme kwanza. Na hakiwekwi penye kidonda."

Alibandika vipande viwili vya kunata vyenye nyaya za kiboksi, juu kidogo ya kovu, mahali ngozi ilipokuwa na hisia nzuri.

"Nasikia sisimizi," alisema Leodegar. "Ongeza!"

Kabla hajajibiwa, akazungusha kitufe mwenyewe. Kidole gumba cha mguu kikaruka.

"Mama Odilia! Kidole kinacheza sangula!"

"Acha hiyo, mzee!" Sada alikirudisha kitufe. "Kuzidisha hakukuponyi haraka. Utakuja nusu saa, mara tatu kwa wiki. Dawa za daktari na mazoezi usiache."

Merina aliendesha baiskeli wiki nane, akinung'unika njia nzima.

Siku ya harusi Leodegar alivaa viatu vyote viwili. Maumivu kidogo yalikuwepo, lakini aliyaweza. Akaingia uwanjani kucheza. Merina naye akaingia kwa mbwembwe, akamkanyaga mguu wa kulia.

"Uwiii!"

Ngoma zikanyamaza. Merina akashika kichwa. "Jamani, mguu umerudia?"

"Umerudia nini? Umenikanyaga, mke wangu!" Leodegar alicheka huku akichechemea. "Leo mshipa umesema kweli. Pigeni ngoma!"