Bibi Aliyegeuzwa Ukutani

Kila Jumamosi asubuhi Nuria alivaa nguo kana kwamba anahama nyumba. Fulana, sweta, sweta juu ya sweta, kisha koti zito lililomfanya aonekane kama godoro lenye miguu. Mama yake alimkagua mlangoni, akamvuta kofia mpaka kwenye nyusi, ndipo akamruhusu kutoka. Ilikuwa Februari mwaka 2011, na Toronto ya mwezi huo haina mzaha na masikio ya mtu.

Chini, mbele ya lifti, Shafiq alikuwa akimsubiri. Familia yake ilikaa ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo la Flemingdon Park. Wazazi wake walizaliwa Dar es Salaam, na yeye alikuwa amerithi kutoka kwao Kiswahili pamoja na ulimi wa utani.

"Dada Godoro, umeamkaje?"

"Salama, Kaka Pua. Futa kamasi kabla hazijaganda."

Walitembea pamoja hadi ukumbi wa jumuiya, ng'ambo ya barabara ya Don Mills, walikojifunza taiko, yaani ngoma za Kijapani. Mkuu wa kikundi alikuwa Sensei Setsuko; watoto wote walimwita sensei, kwa maana ya mwalimu. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwembamba kama fimbo zake, lakini alipopiga ngoma ungedhani lori linapita dirishani. Msaidizi wake, Anko Polycarp, alikuwa mtu wa Iringa. Usiku aliendesha foklifti katika ghala moja huko Downsview. Jumamosi alifungua stoo, akapakia ngoma garini, akawafundisha wadogo, na theluji ilipozidi akawarudisha makwao. Hakuna aliyewalipa watu hao hata kikombe cha chai. Walikuja kwa sababu walipenda, na wasingekuja, kikundi kisingekuwapo.

Ngoma kubwa kuliko zote iliitwa Bibi. Sensei na wenzake waliitengeneza wenyewe kwa pipa kuukuu la mvinyo. Waliivuta ngozi ya ng'ombe kwa jeki za gari, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, huku watu wazima wakipanda juu yake na kuikanyaga ili itanuke zaidi. Bibi alilala kwenye kigari cha magurudumu, uso mmoja kushoto, mwingine kulia, akapigwa na watu wawili wasioonana. Kabla ya kumgusa, kila mpigaji aliinama kumsalimia. Wenzao waliinama kimya. Nuria na Shafiq waliongeza la kwao: "Shikamoo, Bibi!" Na Anko Polycarp, popote alipokuwa, alijibu kwa sauti ya kizee, "Marahaba, wajukuu zangu."

Jumamosi hiyo theluji ilikuwa inayeyuka na mvua inanyesha. Ukumbi ulinuka soksi. Nuria na Shafiq walikuwa wamechaguliwa kumpiga Bibi kwenye onyesho la wiki iliyofuata, na Nuria alikuwa amengoja nafasi hiyo tangu alipojiunga. Lakini kila alipopiga, sauti ilitoka nzito, imelala.

"Unapiga ngoma au unakung'uta zulia?" Shafiq aliuliza kutoka upande wa pili.

Wenzao walicheka. Nuria naye alicheka, lakini masikio yalimwaka chini ya kofia.

Baada ya mazoezi ilikuwa zamu yake kufagia. Sensei aliondoka mapema. Anko Polycarp na Shafiq walikuwa nje wakipakia ngoma ndogo garini. Nuria alimsukuma Bibi hadi stoo, na pale akaiona hita ndogo ya umeme ambayo Anko aliiweka kwa ajili ya kukausha glavu. Akakumbuka hadithi ya baba yake mezani: kwao Kilosa, kabla ya ngoma kuanza, wapigaji waliwasha nyasi kavu na kuzizungushia ngoma zao moto mpaka ngozi zikakaza na kulia vizuri.

"Kumbe ni baridi tu," Nuria alijiambia. "Bibi anataka kuota moto."

Akaiwasha hita, akaikoleza mpaka mwisho, akauelekeza uso mmoja wa Bibi pale pale kwenye joto. Kisha akaenda kufagia huku akipiga mluzi.

Alikuwa kwenye kona ya mwisho aliposikia mlio. Pa! Mfupi, mkavu, kama tawi lililovunjwa gotini. Mluzi ukamkauka mdomoni.

Alipofika stoo, ngozi ya Bibi ilikuwa imepasuka kutoka kwenye misumari ya ukingoni hadi katikati. Alipeleka kidole kwenye ufa, akakirudisha haraka kana kwamba umemng'ata. Nje, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Anko alikuwa anarudi. Nuria alizima hita, akakigeuza kigari mpaka uso uliopasuka ukaangalia ukutani, akamfunika Bibi kwa shuka lake. Kwa haraka hiyo shuka likakaa upande.

Anko Polycarp aliingia akipangusa mvua kichwani. Akanusa hewa, akaigusa hita, akauondoa mkono upesi.

"Aisee! Hii ya moto hivi, nani kaiacha?"

Hapo ndipo Nuria angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini moyo ulimpiga kwa nguvu kuliko ngoma yoyote ya kikundi, na kilichotoka ni, "Sijui, Anko."

Anko alisimama, akajikuna kidevu. "Basi ni mimi. Usingizi wa ghalani huu utanimaliza." Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

Wiki hiyo Nuria alijua kwamba hofu haina haja ya kupanda lifti. Inakukuta ghorofa yoyote. Bomba la joto chumbani kwake lilikuwa na kawaida ya kulia tk, tk, wala hakuwahi kulisikia. Sasa kila likilia aliruka kitandani. Simu ikiita, alibana pumzi mpaka mama aseme ni nani. Barafu ikipasuka chini ya buti lake njiani, aligeuka nyuma kama mwizi.

"Meza yetu imepumzika," baba yake alisema wakati wa chakula. Nuria alizoea kupigapiga vidole mezani mpaka maharage yaruke. "Mpigaji anaumwa?"

"Baba, zile ngoma za Kilosa… zilipasuka zikikaa motoni?"

"Ah! Walizipitisha tu kwa mbali, huku wamezishika. Ukiiacha motoni umeichoma. Kwa nini?"

"Basi tu," Nuria akasema, akaisukuma sahani yake.

Jumatano jioni kulikuwa na mazoezi ya mwisho. Watoto walipanga ngoma zao, na Sensei Setsuko akamsukuma Bibi kutoka stoo. Magurudumu yalilia kwiii, kwiii. Nuria alitamani yang'oke. Sensei aliondoa shuka, akainama kumsalimia Bibi, kisha akazunguka upande wa pili.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alipitisha vidole vyake juu ya ufa, taratibu, kama muuguzi anayepapasa mfupa wa mgonjwa.

"Nani anajua habari hii?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha upole.

Nuria aliangalia vidole vya miguu yake.

"Mimi," alisema Anko Polycarp.

Alivua ufunguo wa stoo aliokuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, akauweka juu ya kigari, mbele ya Sensei.

"Jumamosi niliacha hita inawaka. Siku chache kabla nilisahau taa za gari. Leo ni ngozi, kesho nitachoma ukumbi na watoto wamo ndani. Mtu anayesahau hivi hafai kushika ufunguo. Mtafute mwingine."

"Polycarp, subiri kwanza," Sensei akasema.

"Hapana, Sensei. Nimelifikiria tangu siku ile."

Shafiq alimsogelea Nuria, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Anko akiondoka tumekwisha. Nani atatufundisha? Nani atabeba ngoma?"

Anko alikuwa ameshachukua koti lake. Akaingiza mkono mmoja. Akaingiza wa pili. Zipu ikapanda.

"Anko, usiende!"

Vichwa vyote viligeuka. Mbele ya kikundi Nuria alizoea kujibu kwa Kiingereza hata Anko alipomuuliza kwa Kiswahili, lakini hofu ilikuwa imemrudisha kwenye lugha ya mama yake. Maneno yalimwagika bila nukta.

"Ni mimi, Anko, mimi ndiye niliyewasha hita, nilitaka Bibi alie vizuri kama ngoma za Kilosa, akapasuka, nikaogopa, nikamgeuza ukutani, ukaniuliza nikasema sijui, na nilikuwa najua. Wewe hukusahau kitu."

Anko Polycarp alisimama na zipu yake kidevuni. Shafiq alibaki mdomo wazi. Wengine hawakuwa wameelewa hata neno moja.

"Amesema nini?" Sensei aliuliza, akimtazama Anko.

Nuria naye alimtazama. Anko angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mtoto ananililia, ananisihi nibaki, na mambo yangeishia hapo. Kwa kitambo kidogo Nuria aliliombea hilo kwa nguvu zake zote.

"Hilo siwezi kukutafsiria, Sensei," alisema Anko polepole. "Atakwambia mwenyewe."

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Sasa alijua kila neno lilivyokuwa linauma, na sasa kila mtu angeelewa. Alisogea mpaka mbele ya Sensei, akasema yote tena kwa Kiingereza: hita, ufa, ukuta, na lile "sijui".

Sensei alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini moto?" akauliza.

Nuria alieleza habari ya nyasi kavu za Kilosa. Sensei akamgeukia Anko Polycarp, na jambo la ajabu likatokea: pembe za mdomo wake zikapanda.

"Unakumbuka?"

Anko alishusha pumzi. "Nakumbuka. Siku yangu ya kwanza hapa, Nuria, nilimuuliza Sensei moto uko wapi. Nusura anifukuze. Kwetu ngozi inahitaji joto ili ikaze. Hii imevutwa kwa jeki mpaka mwisho wa uwezo wake, na hewa ya humu ndani wakati wa baridi ni kavu kama biskuti. Ukiiongezea joto haina pa kwenda, inapasuka."

"Ungeniuliza," Sensei alisema, "ningekwambia ngozi imelegezwa na unyevu tu, usubiri mvua ipite. Na ungeniambia Jumamosi, tungeomba ngoma ya kuazima. Sasa muda umekwisha. Tutafanya onyesho bila Bibi, nawe utapiga ngoma ndogo, mstari wa nyuma."

Nuria aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimshuka, lakini ile hofu ya tangu Jumamosi ilikuwa imemtoka. Sensei aliuokota ufunguo, akamvisha Anko shingoni juu ya koti, akampiga kofi dogo begani.

"Vua koti," alisema. "Tumechelewa."

Onyesho lilipita. Bila Bibi halikutetemesha ukumbi, nao watoto walilijua hilo. Nuria alipewa kazi mpya stoo: kujaza maji katika karai pana kila siku ya mazoezi ili hewa isikauke. Hita ilihamishiwa ofisini, na Shafiq akaipachika jina Shemeji, kwa sababu, alisema, nusura iingie kwenye familia ya Bibi kwa nguvu.

Mwezi Mei ngozi mpya ilipatikana. Ililowekwa mpaka ikalainika, ikafungwa kamba, jeki zikapangwa. Nuria alikuwa ameng'oa misumari ya zamani mmoja mmoja, viganja vimejaa malengelenge. Walipokuwa wakizungusha jeki, hakuweza kuvumilia zaidi.

"Anko, bado umenikasirikia?"

Anko Polycarp aliendelea kuzungusha. "Kwa ngozi? Ngozi hii hapa, tunavuta nyingine. Mtoto anakosea, hata mimi nimewahi kumwangusha Bibi kutoka garini, muulize Sensei." Akaacha jeki, akamtazama. "Lakini wiki ile, Nuria, nilikuwa narudi kutoka mlangoni kukagua jiko langu mara mbili, mara tatu. Nilimwambia mke wangu Libérata kwamba akili yangu imeanza kuondoka. Niliogopa hata kuendesha foklifti. Wewe ulidhani umeficha ufa tu. Kumbe uliuhamishia kichwani mwangu."

Nuria aliishika jeki aliyoiacha Anko, akaanza kuizungusha.

"Kwa hiyo ukikosea, sema siku ileile, hata kama unatetemeka. Usingoje hofu iishe, haiishi yenyewe. Na ukichelewa, kuna mtu mwingine atalibeba kosa lako akidhani ni lake. Umenisikia?"

"Nimesikia, Anko."

"Haya, panda juu ukanyage. Vua viatu kwanza!"

Ngozi ilipokauka na kupigiliwa misumari, Sensei Setsuko alimkabidhi Nuria fimbo mbili. Watoto walizunguka. Shafiq alikwenda upande wa pili, akachungulia.

"Mimi nisingethubutu. Bibi ana kumbukumbu, huyu."

Nuria aliinama mpaka paji lake la uso likakaribia ngozi mpya. Ilinuka ng'ombe na chumvi.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

Kimya. Akangoja. Kisha, kutoka mlango wa stoo, sauti nzito ya kizee ikaja:

"Marahaba, mjukuu wangu. Piga."