Mkate wa Nyumba ya Radosh

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nevena alipeleka maziwa kwenye nyumba tano. Ng'ombe wao alikuwa mmoja tu, lakini kiwele chake kilikuwa cha baraka. Mama alijaza chupa, Nevena akazipanga kwenye kikapu na kushika njia ya matope inayokatiza kijiji cha Gornja Lipa, huku mbwa wa kila ua wakimbwekea kama hawajawahi kumwona.

Mwezi wa Aprili, trekta lilipinduka kwenye mteremko wa shamba la plamu na kumlalia baba yake, Radosh. Tangu siku hiyo mama alivaa nyeusi, na hakutoka ila kwenda kanisani na makaburini. Dukani, posta na kwa majirani alitumwa Nevena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na habari zote za nyumba yao zilipita mdomoni mwake.

Ilipofika wiki ya mwisho ya Oktoba, watu walianza kumwuliza swali moja. Kila ukoo pale una mtakatifu wake, na siku ya mtakatifu huyo huitwa slava. Ukoo wa Radosh ulikuwa wa Mtakatifu Luka. Kwenye slava haalikwi mtu. Unaoka mkate, unawasha mshumaa, unaacha mlango wazi, na anayeikumbuka nyumba yako anakuja mwenyewe. Lakini nyumba yenye msiba huulizwa kwanza, kwa adabu.

"Haya, mjukuu wangu," alisema Bibi Stamena, jirani yao wa kwanza, akipokea chupa yake. "Mwaka huu mama yako atawasha mshumaa, au bado moyo haujamtulia?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Mama alikuwa ameshanunua unga na mshumaa mrefu wa nta. Lakini Nevena alikumbuka maneno aliyoyasikia wiki mbili nyuma, walipokwenda kaburini kumwombea baba baada ya miezi sita. Ami Miloye, mdogo wake baba anayeishi mjini, alimwambia mama, "Shemeji, usihangaike na mkate. Mimi nitasimama mahali pa kaka."

Mahali pa kaka! Usiku ule Nevena hakula. Kila mwaka padri alikata alama ya msalaba kwenye mkate na kuumiminia divai, kisha yeye na baba wakauzungusha pamoja. Nevena aliijua mikono ile, kidole gumba chenye ukucha mweusi uliopigwa nyundo. Kuona mikono mingine hapo ilikuwa kama kumzika baba mara ya pili.

"Hapana, bibi," alijibu. "Mama amesema mwaka huu hapana. Amesema watu wasije."

Ulimi hauna mfupa. Neno hilo lilimtoka jepesi, na katika nyumba ya pili likawa jepesi zaidi. Alimwambia mwalimu, akamwambia Zhivko fundi matrekta, akamwambia mjane anayefanya kazi posta, na mwisho akamwambia mke wa Padri Vasilije. Mke wa padri alimshika shavu na kusema, "Pole, mwanangu. Mwambie mama tunamwombea."

Alipofika nyumbani, mama alikuwa na mikono imejaa unga. "Nevena, chukua simu yangu, mwandikie ami yako alete viti kumi."

Nevena aliandika: "Mwaka huu hatufanyi. Usije." Jibu lilipofika, alilifuta.

Siku ya slava mtoto haendi shule. Mama alikuwa amepika siku tatu mfululizo. Meza mbili ziliunganishwa na kufunikwa kitambaa cheupe. Kulikuwa na nguruwe wa kuchoma, nyama ya kusaga iliyofungwa ndani ya majani ya kabichi, keki za aina nne, na bakuli la ngano iliyochemshwa kwa sukari, ambayo huombewa kwa ajili ya marehemu. Mkate ulikaa katikati, mwekundu juu, umepambwa kwa zabibu za unga na msalaba. Mama alifungua mlango, akawasha mshumaa, akakaa.

Saa tano hakuja mtu. Saa sita, wakati ambao padri huwa ameshavua koti, hakuja mtu. Mvua ilianza kunyesha na kuingia ukumbini, lakini mama alikataa mlango ufungwe.

"Labda ni mvua," alisema.

Saa nane mshumaa ulikuwa umebaki nusu. Mama aliinua mfuniko wa sufuria, akaurudisha, akainua tena.

"Baba yako alipokuwa hai, watu walikula wamesimama," alisema taratibu. "Zhivko alikuwa akikaa juu ya gunia la mahindi, unakumbuka? Kumbe walikuja kwa ajili yake tu. Mimi si kitu." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Ee Bwana Mungu, nilidhani utanipa angalau siku hii. Basi. Tutamuuza ng'ombe, Nevena, twende mjini kwa dada yangu. Nyumba isiyotembelewa siku ya slava imekwisha."

Nevena aliinua macho akamtazama mama. Alikuwa amejiandaa kwa meza tupu. Kwa uso ule wa mama, hakuwa amejiandaa hata kidogo.

"Mama," alisema, na machozi yakamtangulia. "Hawajakusahau. Mimi niliwaambia wasije. Wote. Hata padri. Hata ami."

Mama alimtazama kana kwamba hakusikia. "Umesema nini?"

"Sikutaka ami asimame mahali pa baba."

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Nevena zaidi. Alinyanyuka, akachukua koti la mtoto kwenye msumari, akamkabidhi.

"Vaa viatu. Uende nyumba zote tano, na katika kila nyumba useme ulivyosema na kwa nini ulisema. Ulifunga mlango wangu kwa mdomo wako, basi ukaufungue kwa mdomo huohuo. Ami yako nitampigia mimi."

Njia ni ileile, lakini bila maziwa ilikuwa ndefu. Mbele ya lango la Bibi Stamena miguu ilikataa. Kusema uongo kulikuwa kumechukua pumzi moja, ila kusema kweli kulimchukua pumzi nne.

Bibi Stamena alimsikiliza, mikono kiunoni.

"We mtoto! Miaka arobaini siku ya Luka sijawasha jiko langu! Leo nimekaa hapa na njaa nikila mkate na kitunguu, na mama yako ana nguruwe mzima mezani?" Akavuta kitambaa chake cha kichwa. "Tutagombana kesho. Nipe mkono, njia inateleza."

Mwalimu alitikisa kichwa tu na kwenda kutafuta mwavuli. Zhivko alinawa grisi na kuvaa koti. Mjane wa posta alilia, Nevena naye akalia.

Padri Vasilije alikuwa uani chini ya kibanda, mikono ya kanzu imekunjwa, akipanga kabichi za majira ya baridi ndani ya pipa la chumvi. Nevena alisema yote bila kuinua macho.

"Kwa hiyo uliogopa mahali pa baba patachukuliwa," alisema padri, akijifuta mikono. "Hebu niambie. Mkate wa slava huzungushwa na mikono mingapi?"

"Miwili yako na miwili ya baba."

"Mwaka huu usitazame ya baba tu. Tazama yote." Akaingia ndani kuchukua kitabu chake.

Wote walipofika nyumbani, chumba kilijaa. Ami Miloye aliingia wa mwisho, bado amevaa nguo za kazi za kiwandani, maji yakimtiririka. Alimwendea Nevena moja kwa moja.

"Shemeji ameniambia," alisema. "Mahali pake siwezi kupachukua, mwanangu. Hata viatu vyake havinitoshi. Nilisema vile kwa sababu sikujua niseme nini. Alikuwa kaka yangu."

Nevena hakuwa amewahi kufikiri kwamba ami naye amefiwa. Alimkumbatia, na nguo zake zikalowa.

Padri aliombea ngano kwanza, akalitaja jina la Radosh mbele ya wote, na hakuna aliyeinamisha macho kulikwepa. Kisha akakata msalaba kwenye mkate na kuumiminia divai. "Mwenye nyumba?"

"Mimi," alisema mama, akasogea. "Pamoja na binti yangu."

Nevena alishika ukingo wa mkate. Ndipo alipotazama, kama alivyoambiwa. Ami hakuugusa mkate. Aliweka mkono begani kwa Nevena. Bibi Stamena aliweka wake mgongoni kwa ami, Zhivko kwa Bibi Stamena, mwalimu kwa Zhivko, hadi mlangoni. Kila mwaka walifanya hivyo, yeye alikuwa haoni. Chumba kizima kilikuwa kimeushika mkate mmoja, na mkate ukazunguka.

"Kristo yu kati yetu!" alisema padri.

"Yupo, na atakuwepo!" waliitikia wote, na Nevena akasikia sauti yake mwenyewe ndani ya zile nyingine.

Wageni walipoondoka, mama alimpa divai ili auzime mshumaa kwa tone, kazi iliyokuwa ya baba. Moshi mwembamba ulipanda.

"Kumlilia baba si kosa, Nevena," mama alisema. "Hata Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, na alijua atamfufua. Lakini ulificha huzuni yako nyuma ya uongo, na uongo huo ukatunyima sisi sote watu wa kulia nao. Siku nyingine moyo ukikuuma, niambie mimi. Hata kama na wangu unauma."

"Nitakwambia, mama. Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani wa kuuza? Kesho nyumba tano zitakunywa nini?"

Asubuhi, Nevena alibisha kwa Bibi Stamena. Bibi alichungulia dirishani, jicho moja limefumbwa.

"Leo kuna maziwa, au mama yako amesema hapana?"

Nevena aliona haya hadi masikioni, kisha akacheka, mara ya kwanza njiani pale tangu Aprili.

"Yapo, bibi," alisema. "Mama mwenyewe anakuletea. Yule anakuja."

Na kweli, nyuma yake, mama alikuwa akipanda njia ya matope, amebeba chupa mikononi.