Saa Nane Asubuhi

Kila siku akitoka shule, Kaneza alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo vya asubuhi, akabandika maharage, halafu akafungua kompyuta aliyoazimwa na shule. Mama yake, Spéciose, alihudumia wazee huko Oxon Hill na hakufika nyumbani Silver Spring, jimbo la Maryland, Marekani, kabla ya saa moja jioni. Kwa hiyo jikoni alibaki Kaneza na mwalimu wake wa kwenye video, dada mmoja aliyesema haraka kama bisi zinazoruka kwenye sufuria. Video ya dakika kumi ilimchukua Kaneza saa nzima: anaisimamisha, anajaribu, anakosea, anairudisha nyuma. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuchora kurasa za programu ya simu na kuziunganisha, ili mtu akibonyeza kitufe ukurasa wa pili ufunguke, hata kabla programu yenyewe haijatengenezwa.

Wazo la kuchora alilipata kwa Mama Honorata, jirani yao wa ghorofa ya chini. Mama huyo alipata ujumbe kwamba daktari wa macho angemwona saa "2:00". Kwao Bujumbura mbili ni mbili tu. Akafika saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Kaneza aliposikia alicheka, mama yake akamkata jicho, naye akaacha kucheka na kuanza kuchora: kurasa za miadi ya daktari kwa saa za Kiswahili, na kijua kidogo kinachochomoza kando ya maneno "saa mbili asubuhi".

Rafiki yake Chebet, Mkenya aliyezaliwa hukohuko Maryland, alikuwa naye katika klabu ya kompyuta ya kila Jumamosi maktabani. Kiswahili alikielewa, ila alizoea kujibu kwa Kiingereza. "Nisaidie kuchagua rangi," Kaneza alimwambia, akamfungulia faili.

Siku tisa baadaye ikabandikwa orodha ya maonyesho ya klabu. Mshindi angepata nafasi moja tu ya masomo ya usanifu wakati wa kiangazi, nafasi ambayo Kaneza aliitaka kuliko nguo mpya na kuliko simu mpya. Kijua chake kilikuwa pale kwenye orodha. Chini yake palikuwa na jina la Chebet.

"Hiyo ni yangu!" Kaneza alisema.

"Prove it, ushahidi uko wapi?" Chebet akajibu, akipandisha mabega. "Sote tuna-watch video zilezile."

Kaneza angeweza kwenda kwa Mwalimu Ghalib, mzee wa Kizanzibari aliyeongoza klabu. Hakutaka. Mwalimu angewaambia waombane radhi na kupeana mikono, na Kaneza hakuutaka mkono wa Chebet. Alitaka Chebet aumbuke mbele ya watu.

Na njia ilikuwapo. Mwizi naye ana haraka zake: Chebet alinakili faili lote pamoja na majina ya wenye ruhusa ya kulibadilisha, na jina la Kaneza lilikuwamo. Ijumaa jioni, maharage yakiungua bila yeye kunusa, Kaneza aliingia akatengeneza ukurasa mwekundu wenye herufi zilizojaa skrini: MWIZI WEWE! Kisha akauunganisha na kitufe cha "Thibitisha". Chebet angekibonyeza mwenyewe mbele ya wazazi wote. Kaneza alilamba kisasi chake kama peremende, na hata mama alipomgombeza kwa sufuria iliyoungua, yeye alikuwa akitabasamu.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Chebet alisimama mbele, akaeleza kurasa zake kwa madaha. Kisha Mwalimu Ghalib akainuka. "Ahsante, mwanangu. Lakini mchoraji hajipimi mwenyewe. Tutampa mgeni aijaribu. Mama Honorata, karibu."

Kaneza akageuka kumtazama. Mama Honorata! Mwaka uliopita, katika nyumba alimokuwa akifanya kazi, mama huyo alisingiziwa kuiba pete. Pete ilionekana chini ya kitanda, lakini yeye alikuwa ameshalia jikoni kwao Kaneza siku mbili mfululizo.

Mama Honorata aliweka miwani, akasoma kwa sauti. "Saa nane asubuhi." Akasoma tena. "Saa nane asubuhi ndiyo saa ngapi hiyo, mwanangu?"

"Eight o'clock," Chebet alisema. "Ilikuwa imeandikwa mbili, nika-fix. Eight ni nane, sivyo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Ghalib hakucheka. "Umeirekebisha? Aliyeandika mbili ni nani?"

Uso wa Chebet uliiva, na Kaneza akaona kila alichokitamani wiki nzima. Njia ya mwongo ni fupi!

"Haya, tuone mwisho wake," alisema Mama Honorata, na kidole chake kikaelekea kwenye "Thibitisha".

Kaneza angenyamaza, Chebet angemalizwa kabisa. Lakini kidole kile hakikuwa cha Chebet.

"Mama Honorata, usibonyeze!" alipiga kelele, akakimbia mbele na kuifunika skrini kwa mikono miwili. Kisha akasema yote: kazi ni yake, imeibwa, na yeye ametega mtego ndani yake.

Mwalimu alifungua kumbukumbu za faili la kwanza. Jina la Kaneza lilikuwapo tangu Februari. Akaufungua pia ukurasa mwekundu, akautazama, akaufunga. Chebet alilia na kukiri.

"Jina la kazi linarudi kwa mwenyewe," alisema Mwalimu Ghalib. "Lakini nafasi ya kiangazi haendi nayo aliyeiba, wala aliyetega. Itakwenda kwa mwenzenu Josué na ramani yake ya mabasi."

Kaneza aliumia, na hakuficha machozi. Akaketi kwenye kompyuta, akafuta ukurasa mwekundu, akaandika upya "saa mbili asubuhi". Mama Honorata akabonyeza "Thibitisha", na safari hii maneno yakasema: Daktari anakungoja.

"Hii naielewa," alisema mama huyo, akamvuta Kaneza karibu. "Sikiliza, mwanangu. Hasira hasara. Jasho lako lilikuwa limeshamuumbua aliyekuibia, wala hukuwa umefungua mdomo. Ule mtego wako, wewe, ulikuwa unaningoja mimi."