Namba ya Bloku

Saa nne asubuhi duka la vipuri limejaa hadi mlangoni, watu wanapigana vikumbo, kila mtu na chuma chake mkononi, na huyu bwana anawapita wote utadhani kaunta ni ya baba yake. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa.

"Dada, gasketi ya silinda hedi. Upesi, nina safari."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kaunta, koti la kazi la bluu na hereni ndefu za fedha, hakuinua hata macho. Mafundi walimwita Kamusi, kwa sababu namba za vipuri zote zilikuwa kichwani mwake.

"Injini gani?"

"Ya lori. Silinda sita, mstari mmoja."

"Hapo ni kama umeniambia unamtafuta mtu mwenye pua. Lita sita na nusu au lita saba?"

"Si ni zile zile!"

"Kwa nje, ndiyo. Bolti zile zile, kifuniko kile kile. Ila tundu la silinda la moja ni milimita mia na tano, la nyingine mia na kumi. Ukikosea hapo unarudi kunilaumu mimi. Kasome namba kwenye bloku, mwili wa injini wenyewe, ubavuni, chini ya pampu."

"Niingie chini ya lori na shati hili?"

"Livue."

Duka zima likaangua kicheko. Yule bwana, ambaye madereva wenzake walimwita Pilipili kwa jinsi alivyowaka upesi, aliondoka akisonya. Baada ya saa moja akarudi, shati jeusi kwa grisi hadi kifuani, namba kaiandika kwenye kiganja. Kamusi alikishika kile kiganja ili aisome, na akakaa nacho muda mrefu kuliko namba yenyewe ilivyohitaji.

Basi ndivyo walivyoanza, kwa ugomvi, na simu zao zikawa za ugomvi vilevile.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula hasira. Umenipigia mara ngapi leo?"

"Mara nne tu."

"Tano! Kuhesabu hujui, ndiyo maana na lita zinakushinda."

"Basi njoo unifundishe hesabu usiku, mwalimu."

"Mshenzi wewe! Kata simu." Na yeye mwenyewe hakati.

Miezi sita hivyo. Kisha Pilipili akanunua lori la pili, jekundu, lililotumika, likitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Ilibidi injini ibadilishiwe pistoni zote sita na laina zake, yale mabomba ya chuma yanayovikwa ndani ya matundu ya silinda. Akapiga picha kibati cha juu ya kifuniko cha valvu, akamtumia kwa simu. Kibati kilisema lita saba.

"Mpenzi, tumia hiyo hiyo. Usinilaze tena chini ya lori."

Kamusi akacheka, akaagiza seti ya lita saba. Miaka tisa pale kaunta hakuwahi kumkubalia mteja yeyote namba ya kifuniko. Huyu mmoja alimkubalia, kwa sababu alimpenda.

Wiki iliyofuata Pilipili aliingia dukani na laina mkononi, macho mekundu, akaibwaga juu ya kaunta mbele ya wateja kumi na tano.

"Zimegoma kuingia! Zote sita! Eti Kamusi. Kamusi gani? Mwanamke anauza kwa kubahatisha! Na huo uchumba wako, kumbe ulikuwa unatafuta mteja!"

Mjomba wake, mwenye duka, alisogea taratibu.

"Namba ya bloku uliichukua?"

"Nilichukua ya kifuniko, Mjomba."

"Angekuwa mteja mwingine, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Nenda stoo. Kaunta atakaa binamu yako."

Binamu mwenyewe hajui kutofautisha gasketi na sahani! Siku tatu Kamusi alipanga bolti stoo, akimsikia mbele akiwapa watu vitu visivyo vyao. Pilipili alipopiga simu, alimjibu mara moja tu: "Ukipiga tena nabadilisha laini." Alimchukia. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Lakini kaunta ile ilikuwa maisha yake, na hakuwa tayari kuipoteza kwa mdomo wa mwanamume.

Siku ya nne alikwenda gereji na brashi ya waya. Lori jekundu lilisimama pale, hedi imefunguliwa, kile kifuniko kimelazwa juu ya tairi.

"Umefuata nini hapa?" Pilipili akauliza.

"Si wewe."

Akaingia chini na koti lake lilelile la kazini, akasugua grisi ubavuni mwa bloku.

"Njoo usome."

"Siji."

"Njoo, au niwaite mafundi wote wakusomee."

Pilipili akainama. Lita sita na nusu. Kamusi akatoka, akapima tundu la silinda mbele yake. Mia na tano.

"Kifuniko hiki umekitoa wapi?"

Pilipili akaanza kujifuta mikono kwa kitambaa.

"Nakuuliza wewe!"

"Cha kwanza kilikuwa na ufa. Siku niliyonunua lori nikafunga kingine, nilichokipata kwa wauza chuma chakavu."

"Halafu ukakipiga picha ukanitumia."

"Nilisahau, mpenzi."

"Mpenzi wako nani?"

"Nisamehe," akanong'ona.

"Ulinitukania hapa?"

"Hapana. Dukani."

"Basi hapa si mahali pa kuomba msamaha." Akaondoka na grisi yake usoni.

Kesho yake, saa nne, duka limejaa. Kamusi alisikia sauti anayoijua, akatoka stoo. Pilipili alikuwa kaunta, anamnong'oneza Mjomba.

"Siku ile walikusikia mpaka barabarani," Kamusi akasema. "Leo sauti imeenda wapi?"

Pilipili akameza mate, akawageukia watu.

"Kosa ni langu! Kifuniko nilikibadilisha mimi. Huyu hakubahatisha, aliniamini. Na yale ya kutafuta mteja niliyasema ili yamuume tu!"

Mjomba alimtazama mpwa wake. "Rudi mbele, mwanangu. Lakini hata akija mumeo, namba ya bloku."

"Hata akija mume wangu, Mjomba."

"Nataka kuwa huyo mume," Pilipili akasema, bado kwa sauti kubwa. Mtu nyuma akapiga mluzi.

Kamusi hakucheka. "Ukinikasirikia tena, utauliza kwanza au utapiga kelele kwanza?"

Pilipili akashika ukingo wa kaunta.

"Sijui," akasema. "Natamani kukwambia nitauliza. Lakini kwa kweli sijui."

Kamusi alikuwa amejiandaa kukicheka kiapo chochote ambacho angekila. Hili hakujiandaa nalo. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti kwa hasira.

"Jumapili njoo umwambie mama hivyo hivyo, usiongeze neno. Sasa toka hapo kaunta, watu wanasubiri."