Kipanga Namba Moja

"Vitunguu vimefika. Vimeoza."

Sauti ya Mjomba ilikuwa kavu kwenye simu. Nungu alikuwa amelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, nusu ya uso imekufa ganzi.

"Magunia mangapi?"

"Kumi na mawili. Yanatoka saa nne kamili."

Nungu akatazama Casio yake. Saa tatu na dakika kumi na saba.

Daktari alikuwa ameshika koleo juu ya uso wake. "Mama, tafadhali, usiongee. Jino hili ni kaidi."

"Daktari, skuta iliyo nje ni yako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Funguo."

Daktari alimtazama machoni, akaona kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya meno. Akatoa funguo.

Nungu alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini na mitatu kati yake akiwa kachero. Majirani walijua anafanya kazi bima. Baba yake naye alijua hivyo, na kila wakionana alimuuliza watu wa bima hulipwa kwa kazi gani hasa. Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa kitengo, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

Skuta ikaruka ukingo wa barabara kama mbuzi aliyefunguliwa. Nungu akasukuma kifaa cha redio sikioni.

"Sema, Mjomba."

"Tumenasa simu ya yule mshauri wa kiwanda cha pikipiki. Yule mgeni mwenye skafu."

"Waliyemwajiri akiokoe kiwanda?"

"Huyo huyo. Jana jioni amebadilisha mafuta ya breki kwenye pikipiki zote kumi na mbili za uzinduzi. Aliyotia yanakula mpira. Uwanjani breki zitashika vizuri. Wakianza kushuka mteremko, mpira umeshalainika, mtu anabana, hapati kitu."

Mteremko wa kiwanda ulikuwa na kona saba. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hewa tupu.

"Pigeni simu kiwandani."

"Simu ya ofisi anapokea mshauri mwenyewe."

"Nani anaongoza msafara?"

Redio ikakoroma kidogo.

"Unajua nani," Mjomba akasema.

Alijua. Mzee wa miaka sabini na minne, mjaribu pikipiki kwa zaidi ya miaka hamsini, asiyebeba simu kwa sababu, kwa maneno yake, akitaka kusumbuliwa atarudi nyumbani.

"Wanataka nini hawa watu?"

"Jina. Wanunuzi kumi na moja na mzee wako wakifia mteremkoni, kiwanda kimekwisha. Waliomtuma watanunua jina kwa bei ya kutupa na kulibandika kwenye mabati yao."

Ganzi ilikuwa inaanza kuisha. Jino likapiga mara moja, kama mlango unaogongwa na mdai.

Jina!

Kiwanda kile kilikuwa na watu mia tatu, wakabaki thelathini na mmoja. Paa lilivuja, mashine zilifungwa kwa waya. Ndipo wazee waliobaki wakatoa tena Kipanga, pikipiki yenye umbo la zamani: taa ya duara kama sahani, tangi lenye umbo la tone la maji, kiti kirefu cha ngozi, mstari wa dhahabu uliochorwa kwa mkono. Watu walikuja kuitazama tu. Mwanamume mmoja aliisikia inanguruma, dugu, dugu, dugu, akatoka nje kufuta macho. Akasema ni vumbi. Maagizo yakaanza kuingia. Na hapo tu, kilipoanza kupumua, ndipo akaja mtu wa kukikaba koo.

Nungu akaongeza mafuta. Skuta ikalia kama inasulubiwa.

Saa tatu na dakika arobaini na nane. Lango la kiwanda.

"Kadi ya mwaliko," akasema mlinzi.

"Mimi ni binti wa mjaribu."

"Binti yake yuko bima. Halafu binti yake hana shavu kama hilo."

"Nimetoka kwa daktari wa meno!"

"Basi rudi, hajamaliza."

Nungu aliinamisha kichwa akapita chini ya kizuizi na skuta yake. Mlinzi alibaki ameshika daftari la wageni, akipiga filimbi kwa hasira ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kuiogopa filimbi yake.

Uwanjani pikipiki kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zinanguruma. Wanunuzi walikuwa wameshapanda: mfamasia wa kike, mwalimu wa hesabu, fundi saa, mtu na mkwewe ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wanakubaliana juu ya jambo. Mbele yao wote, mgongo umenyooka kama rula, baba yake.

Kando ya lango la kutokea, kwenye jukwaa la mbao, ilisimama Kipanga Namba Moja, ya kwanza kabisa ya umbo lile. Mzee aliipiga kiki kila asubuhi, na leo alikuwa ameiacha ikiunguruma ili wageni wasikie sauti ya mama wa hizo nyingine. Mstari wa dhahabu kwenye tangi lake ulichorwa na binti mmoja mchoraji, na katikati ulikuwa na mpindo mdogo, kwa sababu kijana mjaribu alimchekesha. Mwaka uliofuata walioana. Sasa mchoraji hayupo. Mpindo upo.

Chini ya bendera alisimama yule mshauri, Skafu. Jaketi lake la ngozi lilikuwa jipya, limesuguliwa kwa mashine lionekane limezeeka.

"Watu hawanunui chuma," alikuwa anamwambia mwandishi wa habari. "Wananunua kumbukumbu."

Nungu akapita kama upepo, akasimama mbele ya gurudumu la baba yake.

"Baba, zima."

"Umeng'oa?"

"Bado. Zima pikipiki."

"Hujang'oa, umekuja kunizimisha mimi? Sogea, mwanangu. Nina watu nyuma."

"Breki zimechezewa."

"Nimezijaribu saa moja asubuhi. Zinashika hata kivuli."

Saa tatu na dakika hamsini na sita. Hakukuwa na muda wa kubembelezana. Nungu akachomoa ufunguo wa swichi, akautia mfukoni. Pikipiki ikanyamaza. Mzee akafura.

"Hata mama yako hakuwahi kunifanyia hivi!"

"Mama angekupiga kwanza. Fungua kikopo cha mafuta ya breki. Tia kidole."

Mzee akamtazama. Ukali wa macho yale aliutambua; ulikuwa wake mwenyewe. Akatoa bisibisi, akafungua, akachovya, akasugua kidole na gumba. Akanusa.

Uso wake ukabadilika polepole.

"Hii ni oili," akasema. Kisha akapaza sauti iliyotetemesha vioo vya ofisi: "Zimeni zote! Asitoke mtu!"

Ngurumo moja moja zikafa, hadi ikabaki ile ya jukwaani.

"Nani?" mzee akauliza.

Nungu hakuhitaji kujibu. Skafu alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya jaketi. Ulitoka na Beretta.

"Hakuna anayesogea," akasema. "Bibi, mikono juu."

Nungu hakubeba bastola siku za daktari. Lakini mkono wake ulikuwa umeshapita juu ya boksi la vifaa la baba yake.

Spana namba kumi na nne iliruka. Ikamkuta Skafu kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulitoa sauti, Beretta ikateleza chini ya pikipiki, na mfamasia akaikanyaga kwa buti lake bila hata kushuka.

Skafu akageuka. Gari lake lilikuwa limezibwa na pikipiki kumi na mbili. Akaruka jukwaani, akaipanda Kipanga Namba Moja, akakanyaga kulia na kushoto hadi gia ikaingia, akatoka langoni mbao zikiruka.

"Pikipiki yangu!" mzee akapiga kelele. "Mwizi wa..."

Akakatisha. Akatazamana na binti yake. Wote wawili wakafikiria jambo moja.

Nungu alikuwa na miaka kumi na miwili alipofundishwa kuendesha ile pikipiki, baba akikimbia pembeni akifoka: gia mguu wa kulia! Breki mguu wa kushoto! Zote za zamani zilikuwa hivyo. Hizi mpya zimegeuzwa kufuata za siku hizi, jambo ambalo mzee hajalisamehe. Umbo la babu, miguu ya mjukuu, huwa anasema.

Skafu alijua kila kitu kuhusu umbo.

"Nungu, hali?" redio ikauliza.

"Anashuka mteremko kwa Kipanga ya zamani."

"Mfuate!"

"Namfuata. Sina haraka."

Akawasha skuta ya daktari.

Kona ya kwanza ilimkuta Skafu akiwa gia ya pili. Akakanyaga breki kwa mguu wa kulia.

Gia ya tatu.

Pikipiki ikachanja mbuga. Akapita kona kwa upana wa kidole, goti likilamba ukuta. Akakanyaga tena, kwa nguvu zaidi.

Gia ya nne.

Akabana breki ya mkono, kwa mkono uliopigwa spana. Hata mkono mzima usingemsaidia. Breki ya mbele ya enzi zile ni ya kusalimia watu tu. Nungu alimsikia akipiga yowe kona ya tatu, kwa lugha ya kwao. Kona ya nne yowe halikuhitaji mkalimani.

Kona ya tano ndipo lilipo shimo la oili chafu la kiwanda, limezungukwa na matairi yaliyokwisha. Kipanga ilichagua matairi. Skafu akachagua hewa, kisha shimo.

Nungu alifika, akaegesha skuta vizuri, akaizima. Mtu mweusi tii alikuwa anatambaa kutoka shimoni, akitema. Skafu yake ilikuwa imemshika shingoni kama kamba.

"Breki!" alikuwa anakohoa. "Hazifanyi kazi! Breki zake mbovu!"

Nungu akamkalia mgongoni, akamfunga mikono kwa kamba ya plastiki yenye meno, akakaza jino moja zaidi ya inavyohitajika. Kisha jingine. Akainama karibu na sikio lile chafu.

"Hizo ndizo pekee hukuzigusa."

Baba yake alifika anakimbia, mlinzi nyuma yake na filimbi mdomoni. Mzee hakumtazama mtu aliyefungwa. Alienda moja kwa moja kwenye matairi, ambako Kipanga ilikuwa imelala ubavu, gurudumu linazunguka, injini bado inasema dugu, dugu. Akaizima. Akapitisha kidole kwenye tangi. Dhahabu ilikuwa imekwaruzwa kuanzia mwanzo, ikafika kwenye mpindo, ikaishia hapo.

Akalifuta tangi kwa mkono wa koti.

"Wewe," akasema mwishowe bila kugeuka, "bima gani hiyo unayofanyia kazi?"

"Bima ya vyombo vya moto, Baba."

"Mh."

Mfamasia aliteremka kwa miguu, ameshika Beretta kwa leso kama panya mfu. "Sisi tunasubiri," akasema. "Badilisheni hizo breki. Sikuja kurudi kwa basi."

Mzee akavua koti, akakunja mikono ya shati. Hasira ilikuwa bado imejaa usoni, lakini sasa ilikuwa na kazi ya kufanya. "Mpira mpya wote, mabomba yote," akamwambia mlinzi. "Amka, kawaite mafundi! Saa tisa tunashuka. Na ya kwanza napanda mimi."

Saa tisa na dakika mbili walishuka, kona zote saba. Sauti yao ilifika hadi mjini, kwenye chumba cheupe chenye harufu ya dawa. Nungu, oili imemkauka hadi viwikoni, aliisikia ikipita chini ya dirisha. Akahesabu. Kumi na mbili.

Akaweka funguo za skuta juu ya trei, akalala kwenye kiti.

"Ganzi imekwisha," daktari akasema. "Nikuchome sindano nyingine?"

"Vuta tu," akasema Nungu, akafungua mdomo.