Vumbi la Gurudumu la Kulia

Jumatatu, saa tatu asubuhi, wachunga ng'ombe walikuta lori limelala ubavu chini ya mteremko wa Ngarama. Magunia ya chumvi yalikuwa yamepasuka, ng'ombe wameshaanza kulamba. Dereva, Jonan, alitolewa hai, mguu umevunjika. Bob, muuza samaki wa Kikagate aliyekuwa ameomba lifti, alitolewa amekufa.

Sajenti Evas Ainembabazi wa polisi alifika saa nne na nusu. Barabarani hakuona alama ya matairi kusuguka. Gari halikufunga breki hata kidogo. Nyuma ya lori, kuanzia juu ya mteremko, kulikuwa na mstari wa mafuta ya breki, na mstari ule uliishia kwenye gurudumu la nyuma la kulia.

Fundi wa polisi alifungua gurudumu lile. Viatu vya breki vilivyokuwemo vilikuwa vimekwisha, vyembamba kama ganda la muhogo.

"Hivi vimefanya pistoni itoke nje," alisema. "Pistoni ikitoka, mafuta yote yanakwenda. Dereva anakanyaga hewa."

Alifungua la kushoto. Viatu vya kushoto vilikuwa vipya.

Lori lilikuwa la Nasimah, mama mfanyabiashara wa Mbarara anayepeleka bidhaa Nakivale, Ngarama na Kikagate. Alipigiwa simu akalia kwanza, halafu akasema, "Breki mimi nilinunua mpya, boksi zima! Jumamosi zimefungwa Base Camp, pale kambi ya wakimbizi Nakivale, na yule fundi Mrundi, Audace."

Saa nane mchana Audace alikuwa ndani.

Kesi ilionekana nyepesi. Kila mwenye gari anajua wizi huu: unamletea fundi spea mpya nne, anafunga mbili, mbili anauza. Mkubwa wa kituo alisema Alhamisi asubuhi mtu huyu apelekwe kortini Isingiro, kwa wizi na kwa kifo cha Bob. Na mkimbizi akishaingia gerezani kwa kesi ya kuua, nani atamkumbuka?

Bella, mke wa Audace, alikaa kwenye nyasi mbele ya kituo na binti yao Ishema, wa miaka miwili.

"Afande," alimwambia Evas, "bwana yangu haibe hata sindano. Wakimupeleka Alhamisi, mimi na mtoto tutabakia na nani mu hii kambi?"

"Mama, mimi sijasema ameiba. Mimi natafuta."

Evas alimtoa Audace, akamkalisha kwenye benchi.

"Uliweka viatu vingapi?"

"Vinne, Afande. Viwili kushoto, viwili kulia. Vyote vipya."

"Sasa vya kulia vimezeeka kwa siku mbili?"

"Vile ulivyokuta sivyo nilivyoweka mimi."

"Kila fundi anasema hivyo. Una nini cha kunionyesha?"

Audace alifikiri. "Mafundi wengi wakifungua breki wanapuliza vumbi na kompresa. Mimi sipulize. Ninamwaga maji ya sabuni, ninapangusa na kitambaa kibichi. Ikikauka inabakia utando mweupe. Na viatu nilivipiga tupa kwenye ncha, vilikuwa vinabana. Vyote vinne."

"Kwa nini unajisumbua na maji?"

"Baba yangu alipuliza breki kule Bujumbura tangu kijana mpaka mvi. Alikufa ameketi, Afande. Kulala alikuwa hawezi tena, pumzi inakatika. Daktari alisema ni asbesto. Ni jiwe la nyuzi, zamani walikuwa wanalitia kwenye breki sababu halisikii moto."

Akaendelea. "Hivi vya Mama Nasimah, boksi lilikuwa limeandikwa havina asbesto. Lakini nilipopiga tupa niliona nyuzi, zile zile za gereji ya baba. Nikamwambia Mama Nasimah: leo utembee navyo, hakuna vingine. Jumanne ukirudi nitavitoa vipelekwe kupimwa."

Evas alirudi kwenye lori kabla jua halijashuka. Gurudumu la kushoto: utando mweupe ulikuwepo, na viatu vilikuwa vimepigwa tupa kwenye ncha, mshazari. La kulia: chini palilowa mafuta, lakini juu palikuwa pakavu na safi. Hapakuwa na utando. Palikuwa pamepulizwa.

Kwa hiyo kuna mtu alifungua gurudumu la kulia baada ya Audace, na mtu huyo ana kompresa.

Pale Base Camp mwenye kompresa alikuwa mmoja: Tuyisenge, fundi Mkongomani wa matairi, jirani wa Audace. Kila mtu alijua hawapatani. Jumanne asubuhi Evas alimkuta anapuliza breki ya pikipiki, vumbi la kijivu limemkaa mpaka kwenye kope.

"Audace?" alicheka. "Ule anaogesha gari kama mtoto muchanga! Nilimuuliza, utaipaka na mafuta lini, utaivalisha na kofia?"

"Na wateja wanakwenda kwake."

"Banaenda, ndiyo. Mingi. Inaniuma, sitakudanganya."

"Ulifungua gurudumu la lori la Nasimah?"

"Mimi? Fasi gani, saa gani? Mama mwenyewe alisimama hapa Jumamosi yote kama askari, mpaka gari ikatoka. Siku ya Mungu nilikuwa mu kwaya tangu asubuhi, uliza kanisa yote. Ninaimba mubaya, kila mutu anakumbuka."

Evas aliuliza kanisani. Walikumbuka. Nasimah naye kwa simu alikubali: alisimama pale, na gari lilipotoka Base Camp lilikwenda Mbarara moja kwa moja.

"Mama Nasimah, Audace alikuambia nini kuhusu zile breki?"

"Kwamba ni mbaya kwa kifua, anataka kupeleka zipimwe. Nilikasirika! Nikampigia Swaibu aliyeniuzia. Nikamwambia, wewe Swaibu, Jumanne breki zako zinakwenda maabara, utanirudishia pesa yangu."

"Ulimpigia lini?"

"Jumamosi ile ile jioni."

Evas alipanda gari kwenda Mbarara. Alianza hospitalini. Jonan, kijana aliyezaliwa na kulelewa kambi ya jeshi, baba yake askari, alikuwa amelala mguu umening'inizwa.

"Jonan, Jumapili gari lililala wapi?"

"Nyumbani, Afande. Lakini mchana niliacha kwa Swaibu. Alinipigia yeye mwenyewe, akasema leta nikuwekee upepo ya matairi, bure. Nikaenda kula kwa mama."

"Ulikaa sana?"

"Hapana. Nyama ilikuwa bado ngumu, nikarudi mbio. Nikamkuta chini ya gari. Akashtuka, akasema ngoja kidogo, ngoja kidogo. Nikamwambia mimi sina muda."

"Alikuwa upande gani?"

Jonan alifumba macho. "Ule wa ukuta. Wa kulia."

Jumatano saa tatu asubuhi Evas aliingia gereji ya Swaibu na askari wawili. Mbele lilikuwa duka la spea, katikati gereji, nyuma nyumba ya kuishi. Swaibu alikuwa mtu mnene, mwenye maneno.

"Karibu, Afande nyabo, mama yetu! Nimesikia habari ya Bob. Banange, inaumiza. Hawa wakimbizi mnawapa gari za watu, ona sasa."

"Wewe Jumapili ulifanya nini kwa lile lori?"

"Upepo tu. Matairi manne ya nyuma, mawili ya mbele."

"Hukufungua gurudumu?"

"Kufungua ya nini? Mimi si kazi yangu ile."

"Yule Audace unamjua?"

"Sijawahi kumwona. Hata hiyo Nakivale sijafika mwaka huu."

"Sasa wewe kama fundi, unafikiri breki zilikataa kwa nini?"

Swaibu alifurahi kuulizwa. "Ni maji, Afande. Fundi gani anaosha breki na sabuni? Imekauka ndani ya dramu nyeupe kama uji. Breki itashika vipi?"

Askari mmoja alijongea mlangoni.

"Swaibu, utando huo uko ndani. Mtu ambaye hajafungua gurudumu hawezi kuuona. Fundi wangu alifungua Jumatatu, na sisi hatujamwambia mtu. Wewe uliuona wapi?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na... Nasimah."

Evas alitoa simu, akampigia Nasimah, akaweka sauti. Nasimah alisema, "Sabuni gani tena? Mimi nilimwambia habari ya maabara tu."

Evas aliagiza rafu zishushwe. Boksi baada ya boksi, yote yameandikwa hayana asbesto, na viatu vya ndani ncha zake mraba, kama vilivyotoka kiwandani. Boksi moja, la nyuma kabisa, lilikuwa na viatu viwili vyenye ncha zilizopigwa tupa mshazari. Evas aliviweka kwenye meza pamoja na vile vya gurudumu la kushoto alivyokuja navyo. Mkono uliopiga tupa ulikuwa mmoja.

"Ulivitoa kwenye gari, ukashindwa hata kuvitupa," alisema. "Ukavirudisha vipate mnunuzi mwingine."

"Afande, sikutaka mtu afe." Sauti ya Swaibu ilikuwa imeshuka. "Nilitaka nibadilishe magurudumu mawili, niweke vizee, Jumanne yule Mrundi akifungua aonekane ni mwizi, hakuna cha kupima. Yule kijana akarudi haraka. Nilifungafunga tu."

"Na hivi vya boksi?"

"Stoo ya zamani. Nilipata kwa mtu, bei ya chini. Boksi nilichapisha. Watu wanataka maandishi, nikawapa maandishi. Afande, mimi nimevuta hii vumbi maisha yangu yote, niko hapa nimesimama! Nani alijua ni hatari?"

Wakati ule mke wake, Swabulah, alikuwa uani anafua. Alikuwa na beseni mbili. Moja ilikuwa kando kabisa, karibu na choo, imejaa ovaroli za bluu. Evas alitoka akamsalimia.

"Mama, hizi mbona unafua peke yake?"

Swabulah alijibu bila kuinua kichwa. "Ni yeye anataka hivyo. Amesema nguo za gereji zisiguse za watoto hata siku moja, na kijana wetu Faizal asikanyage kule ndani, vumbi yake inaua pole pole. Ni mkali sana kwa hiyo."

Ndani, Swaibu alikuwa amesikia. Alikaa kwenye tairi, akanyoosha mikono mbele mwenyewe, afungwe pingu.

"Mtoto wako ulimkinga," Evas alimwambia. "Wa Base Camp je? Na wa Ngarama?"

Swaibu alipakiwa kwenye gari la polisi pamoja na maboksi yake. Yale aliyokwisha kuuza yalikuwa barabarani, kwenye magari ya watu, na askari walitumwa kuzunguka gereji moja moja kuwaambia mafundi: msipulize, mwageni maji, na nguo za kazi zisiingie nyumbani. Wengine walisikia. Wengine walisema vumbi ni vumbi. Vumbi hili halinuki wala halichomi, ndiyo maana linadharaulika. Linaingia kifuani leo, linangoja miaka ishirini, thelathini, halafu linadai.

Jumatano saa kumi jioni Audace alifunguliwa mlango wa kituo. Alikuwa bado na ovaroli aliyokamatwa nayo. Bella alipiga kelele ya furaha, na Ishema akamponyoka, akamkimbilia baba yake na mikono juu.

"Simama hapo!" Audace alimpigia kelele, akarudi nyuma hadi ukutani.

Mtoto alisimama, mdomo ukaanza kutetemeka, halafu akalia kwa nguvu zote. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kushtaki habari ya mbuzi alisema, "Baba gani huyu? Ametoka jela anamfukuza mtoto!"

Bella alimkamata Ishema, akamshika kiunoni.

Audace alivua ovaroli pale pale, mbele ya askari na wenye mbuzi, akabaki na kaptula. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kituo, akaikandamiza mpaka ikazama yote. Akanawa mikono, uso, nywele, shingo. Watu walicheka. Evas, mlangoni, hakucheka.

Ishema alikuwa bado analia. Baba yake akaja, ametota, anatetemeka kwa baridi, akamchukua.