Kicheko Kilichobandikwa Ukutani

Kila jioni, akishaosha vyombo na kuanika sare yake ya shule, Flashi alikuwa na ombi moja tu kwa mama yake: simu. Hakutaka kuongea na mtu wala kucheza michezo. Alitaka kupiga picha. Alimpiga picha paka akipiga mwayo, akapiga ndala zilizorundikana mlangoni, akampiga jirani akikimbizana na kuku wake. Ndiyo maana watoto wa mtaa walimwita Flashi, na jina likamganda hata nyumbani. Mama mwenyewe, akikasirika, alilisahau jina alilompa akawa anaita, "Wewe Flashi, hebu njoo hapa!"

Na tuseme ukweli, mtoto yule alikuwa na jicho. Shangazi yake, mwenye studio ya picha karibu na stendi, alikiri hivyo, na shangazi yule hakuwa mtu wa kusifia ovyo.

Jioni moja baba yake Flashi, fundi seremala, alipaka vanishi kiti kipya, akakiweka uani kikauke. Kisha akaenda kunywa maji, akarudi, akasahau, akaketi. Alipoinuka, kiti nacho kikainuka. Akavuta. Suruali ikachanika chwaaa! Kitinda, mdogo wake Flashi aliyekuwa darasa la pili, alicheka mpaka akakunjika. Mikono tumboni, macho yamefumbwa, mdomo wazi na pengo lake la mbele, machozi yanamtiririka. Flashi alikuwa na simu mkononi. Akabofya.

Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Aliiweka kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako watu huonyeshana picha zao, na sifa zikamiminika. Baada ya siku chache ukaja ujumbe kutoka kampuni moja ya dawa. "Picha yako ni nzuri mno. Tunaomba tuitumie katika matangazo yetu. Malipo hatuna, ila jina lako litaandikwa chini yake, nawe utajulikana kila mahali."

Utajulikana kila mahali! Flashi alihisi kichwa kinakuwa kikubwa. Alijibu papo hapo, "Chukueni tu, mtumie mtakavyo." Hakumwuliza mama mwenye simu, wala baba, wala Kitinda mwenye uso wake. Aliyeambiwa ni shangazi peke yake, tena kwa majigambo.

"Wataitumia kutangaza nini?" shangazi aliuliza, akifuta vumbi kwenye kamera.

"Sijui."

"Kitinda amekubali?"

"Shangazi jamani! Picha tu hiyo."

"Picha tu, eti. Nenda ukamwambie baba yako leo hii."

Flashi aliitikia, "Sawa, shangazi," akatoka mbio. Baba hakuambiwa kitu.

Asubuhi moja, Flashi na Kitinda wakienda shule, walikuta watu wamesimama mbele ya duka la dawa. Ukutani kulikuwa na tangazo kubwa kama mlango, na kwenye tangazo yupo Kitinda. Flashi alitafuta jina lake kwanza. Alilikuta pembeni, herufi ndogo kiasi kwamba hata sisimizi angehitaji miwani. Ndipo akasoma yale maandishi makubwa mekundu: TUMBO LINAMTESA? NI MINYOO HIYO! MPE DAWA LEO.

Yale macho yaliyofumbwa, yale machozi, ile mikono tumboni! Ukiyasoma yale maneno halafu ukaitazama picha, uliona mtoto anayekufa kwa maumivu.

"Dada," Kitinda aliuliza polepole, "kwani mimi nina minyoo?"

Flashi alimshika mkono, akamvuta waondoke.

Watoto wa shule mnawajua. Kabla ya kengele ya kwanza Kitinda alishapewa jina jipya. "Minyoo! Minyoo kaja!" Aliyekuwa akikaa naye dawati moja alisogea mpaka ukingoni. Saa ya mapumziko hakuna aliyetaka kushika mpira alioushika yeye. Kesho yake Kitinda aliingia uvunguni mwa kitanda na viatu vyake, akagoma kwenda shule. Lililomuuma Flashi zaidi, na lilimuuma kwelikweli, ni kwamba mdogo wake aliacha kucheka. Baba alijikwaa kwenye ndoo ya maji akalowa mpaka kiunoni, na Kitinda akamtazama tu, kiganja kimefunika mdomo.

Hapo Flashi hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwenye karakana ya baba, akamkuta na mama akimletea chai, akawaeleza yote tangu mwanzo. Hakuficha hata lile neno "mtumie mtakavyo."

Mama alishika kiuno. "Kwa simu yangu?"

"Ndiyo, mama. Nisameheni. Lakini nataka tuliondoe lile tangazo. Nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Baba aliweka randa chini. "Utakwenda, na mimi nitakwenda. Na shangazi yako tutamchukua, maana mambo ya picha ni yake."

Ofisi ya kampuni ilikuwa na mlango wa kioo na baridi ya mashine. Msimamizi wa matangazo, kijana nadhifu mwenye tai, aliwakaribisha vizuri, akasikiliza, kisha akawageuzia kompyuta yake.

"Lakini mliruhusu wenyewe. Someni hapa: mtumie mtakavyo."

Baba alikohoa. Flashi alitamani sakafu impokee. Halafu akamkumbuka Kitinda uvunguni na viatu vyake, akasimama.

"Mimi ndiye niliyeandika, na nilikosea," alisema. "Picha niliipiga mimi, lakini hilo tumbo si langu. Ni la mdogo wangu, na hakuna aliyemwuliza. Tena haumwi. Anacheka!"

"Anacheka?" Kijana aliitazama picha upya, akainamisha kichwa huku na huku. Uso wake ukabadilika. "Lahaula! Kweli anacheka."

"Huyu ana miaka kumi na miwili," shangazi aliongeza, akimwonyesha Flashi. "Ruhusa ya picha ya mtoto huombwa kwa mzazi, si kwa mtoto mwenzake. Ulilijua hilo?"

Kijana alikubali kwamba alilijua, ila haraka ilimponza. Aliomba radhi, akapiga simu palepale, akaamuru matangazo yote yabanduliwe. Kisha akasema kwa haya, "Picha yenyewe ni nzuri lakini. Vipi tukiibadilisha iwe ya dawa ya meno?"

"Kaka, hujaliona hilo pengo?" shangazi alimkata. "Na kwanza nikuulize. Waliochapa matangazo mliwalipa?"

"Tuliwalipa."

"Na waliobandika?"

"Nao pia."

"Basi na picha haikujipiga yenyewe. Siku nyingine mkitaka picha, mje studio. Mtoto atakayepigwa atajua anapigiwa nini, na mpigaji atalipwa jasho lake."

Matangazo yalibanduliwa, lakini jina la Minyoo lilibaki midomoni mwa watoto. Flashi alilijua hilo, na dawa yake aliijua pia. Shida ni kwamba dawa yenyewe ilipita kwenye suruali ya baba.

"Baba," alisema jioni moja, "naomba ruhusa. Nataka kuwasimulia shule nzima habari ya kile kiti."

"Suruali yangu? Mbele ya walimu?" Baba alijikuna kisogo. Alimtazama Kitinda aliyejikunyata pembeni, akashusha pumzi. "Haya. Ila useme ilikuwa kuukuu."

Kitinda naye aliulizwa. Alifikiri sana, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu mkuu alimpa Flashi nafasi gwarideni. Shangazi alikuja na kamera, kwani siku ile alikuwa na kazi ya kupiga picha za madarasa. Flashi alisimama mbele, sauti haikutetemeka. Alieleza kosa lake, kisha akasimulia kiti, vanishi na ile chwaaa! Shule ikaangua kicheko. Walimu walicheka. Na katikati ya mstari wa darasa la pili Kitinda alianza taratibu, kiganja kikateleza kutoka mdomoni, akakunjika, mikono tumboni, pengo nje. Aliyekuwa akimkimbia dawatini alimwegemea begani, naye hoi.

Baadaye shangazi alimvuta Flashi pembeni.

"Kutoa picha bure si dhambi, mwanangu. Hata mimi hutoa, kwa ninayemtaka na kwa jambo ninalolijua. Lakini anayekusifu kwamba kazi yako ni nzuri mno, mwulize mbona hana cha kuilipia, na anakwenda kuifanyia nini. Na palipo na uso wa mtu, mwenye uso aulizwe kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Shangazi alimvika kamera shingoni. Flashi akamwendea Kitinda, aliyekuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Nikupige?"

Kitinda alimkazia macho. "Ya nini?"

"Ya ukutani. Ukuta wetu, pale sebuleni."

Kitinda alifikiri kidogo, akavuta shati likae sawa.

"Piga," alisema, akacheka.